Moto Hauwashwi Kaburini

Mama,

Shikamoo. Nimezoea kukuamkia kabla sijasema lolote, na sioni kwa nini niache leo.

Nianze na habari mbaya, maana wewe hukupenda mtu anayezungukazunguka. Hukulala ubavuni kwa bibi. Mdogo wangu Zaina hajui aanzie wapi kukwambia, na kaka yako, mjomba Hamisi, hataki hata kusikia likitajwa. Kwa hiyo nakuandikia mimi mwanao. Uko upande wa chini, karibu na minyaa, na kati yako na mama yako pamebaki nafasi ya kutosha kaburi jingine.

Najua ulichotaka. Ulikisema tangu nikiwa mdogo, ukipepeta uwele uani kwetu Majengo. Bibi alifariki kijijini kwenu Haneti wakati mvua zimekata barabara, ukafika watu wameshanawa mikono. "Sikumzika mama yangu. Mkinizika mimi, mnilaze ubavuni kwake, nimwombe radhi mwenyewe." Ukarudia pale hospitali, sauti imebaki nusu, umenishika kidole kimoja tu. Nikakuitikia haraka. Niliona ni ahadi nyepesi: shamba ni la kwenu, na kuchimba ndiyo kazi yangu.

Tulianza asubuhi, palepale ubavuni kwa bibi. Udongo mwekundu ulikuwa laini hadi magotini, kisha sururu ikalia. Wenzangu walidhani ni jiwe tu, ling'olewe tuendelee. Mimi sauti ile naijua. Nilishuka, nikafagia kwa kiganja, nikaona weupe, weusi na zile chembe nyekundunyekundu. Graniti, Mama. Mwamba mzima, hauna ufa hata wa kupitisha ukucha.

Jina hilo unalikumbuka. Vitabu vya shule vililiita matale, wateja wetu wakiliona limesuguliwa wanaliita marumaru, na sisi tulikuwa tunasema jiwe tu. Mpaka alipokuja machimboni yule dada mhandisi, akatuambia graniti ni neno la Wazungu, na asili yake ni punje. Jiwe la punje. Nilikuletea kipande nikuonyeshe. Ulikigeuza, ukakinusa kama unavyonusa mtama ulionyeshewa, ukacheka hadi ukakaa chini. "Kumbe mimi na wewe tunauza kitu kimoja! Ila uwele wangu unapikika." Kesho yake soko zima lilikuwa na habari, na tangu siku hiyo ukawa Mama Punje. Kipande ukakiweka juu ya gunia la uwele, eti ndugu wamekutana.

Sasa ndugu huyo alikuwa amelala mahali pako.

Unajua machimboni hatushindani nalo kwa misuli. Tunalirundikia magogo na matairi chakavu, tunawasha, linachemka, kisha tunalimwagia maji ya baridi. Linapasuka lenyewe kwa mlio unaosikika mbali. Njia nyingine ni tindo na nyundo, na hiyo ni kazi ya miezi. Wewe ulikuwa ndani, umeshaoshwa, umeshavishwa sanda. Maiti hasubiri miezi.

Nikamwambia mjomba tuwashe moto.

Wachimbaji wote waligeuka, Mama. Hata waliokuwa wakichota maji walisimama. Mjomba alinitazama kana kwamba nimekutukana. "Moto? Ndani ya kaburi la dada yangu? Tunamwombea Mungu amwepushe na moto, wewe unataka kumtandikia?" Nilisimama mle shimoni, mtu ambaye kila siku navunja jiwe hilohilo, sina la kufanya.

Tukasogea, tukakuta mwamba. Tukasogea tena kuelekea minyaa, udongo ukakubali. Tukafukia mashimo yale mawili, tukakuzika baada ya alasiri. Mwanandani wa kukulaza ulitoka mzuri, tuliuchonga mimi na mjomba bila kuangaliana usoni. Nilikupokea kwa mikono yangu, Mama. Ulikuwa mwepesi mno.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Lakini maneno yalipanda gari kutoka Haneti yakafika Majengo kabla hata hatujatandua mkeka wa msiba. Eti ardhi imemkataa. Imemkataa mara mbili, ya tatu imempokea kwa huruma tu. Na jina lako wakalikamata hapohapo wakaligeuza: Mama Punje kwa sababu alikuwa akipunja. Kopo lake lilikuwa na kitako kinene. Wewe! Wewe uliyekuwa ukiongeza kiganja juu ya kopo na kusema hicho ni cha watoto. Aliyeanza ni yule jirani yako wa maharage, aliyekula kwako miaka yote na kukuita dada. Sitaki kumsamehe. Usiniombe.

Nilijaribu kuwaeleza. Toka Chemba mpaka huku kwetu, mwamba umelala chini kila mahali. Mtu akichimba kisima anaukuta, akichimba choo anaukuta, na sijasikia hata siku moja ikisemwa kwamba ardhi imekataa choo. Waliocheka walicheka. Waliotaka kuamini hawakubadilika.

Zaina ndiye anayeuza sasa. Ameshika kopo lako lilelile, na kile kipande cha jiwe kiko juu ya gunia. Anajaza mpaka uwele unamwagika mezani, kwa kila mteja, hata kwa wale wasemaji. Nikamwambia biashara itakufa kwa mtindo huu. Akanijibu, "Ife. Lakini aseme nani tena kwamba mama alipunja." Nikaondoka, nikaenda kulia nyuma ya mashine ya kusaga, ambako kelele ni nyingi.

Mimi nimeacha upande wa moto. Wenzangu wakianza kurundika matairi, nahama. Ule mlio wa kupasuka siuwezi. Nimeomba kazi ya tindo, naonekana mzee ghafla, na mikono imekuwa ya kutisha. Waniache.

Nilichotaka kukwambia hasa ni hiki. Nimerudi Haneti, nimelifukua lile shimo la kwanza. Nakwenda kila nikipata nafasi, na tindo, nyundo na dumu la maji ya kunywa. Kiberiti nakiacha Majengo. Jiwe linatoka kidogokidogo, kama lilivyo jina lake, punje kwa punje. Siku nzima naondoka na vumbi lisilojaza hata kopo lako.

Mjomba alinikuta. Alidhani nataka kukufukua nikuhamishe, akapiga kelele hadi majirani wakatoka. Nikamwambia hapana, mama hasumbuliwi tena. Hili ni langu. Akashika kichwa. "Mtu hajichimbii kaburi, Rajabu. Ni uchuro." Akaondoka. Juzi nilikuta mtu amelifunika shimo kwa matawi ya miiba ili mbuzi wasitumbukie. Nadhani ni mjomba; nilipomaliza niliyarudisha.

Usiogope, Mama. Sina haraka ya kufa, na jiwe lenyewe halina haraka ya kuvunjika. Zaina bado hajaolewa na nataka kuwa shahidi wa ndoa yake. Lakini siku yangu ikifika nisije nikamsumbua mtu kuhusu moto. Shimo litakuwepo, limevunjwa kwa mkono, halina hata alama ya jivu.

Pumzika. Usiwajali wa sokoni, na bibi usimwite kwa sauti, hayuko mbali. Mimi nitalala katikati yenu, yeye huku, wewe huku. Zile radhi ulizotaka kumwomba, nimezishika zote.

Nitamfikishia.

Mwanao,
Rajabu