Meja Alivyougua Baada Yako, Baba

Mpendwa Baba,

Nilianza kukuandikia nikiwa nimekaa sebuleni. Sasa nimesimama jikoni, karatasi nimeilaza juu ya friji. Siwezi kutulia mahali pamoja siku hizi. Nikisikia chochote uani natoka mbio nikidhani ni Meja anatapika tena, kumbe ni jirani anakung'uta mkeka.

Unakumbuka ulivyomleta? Ulikuwa bado unafanya kazi bandarini. Uliingia na kijibwa ndani ya ile kofia yako ngumu ya kazini, amejikunja kama soksi chafu. Mama akauliza, "Mzee, hicho nacho ni nini?" Ukamjibu, "Huyu ni Meja," kana kwamba alizaliwa na cheo chake. Mama akaapa hatamgusa, na ukimjua Mama, hakumgusa. Aliyemwogesha ni wewe. Aliyemtoa kupe ni wewe. Ulipostaafu, mkawa mnakaa pamoja pale kwenye ngazi ya nyuma, wewe na gazeti lako, yeye na kidevu chake juu ya kiatu chako. Ndege ikipita chini kwenda kutua, mlikuwa mkiinua vichwa kwa wakati mmoja. Nilikuwa nikiwatazama dirishani na kucheka peke yangu.

Tulipokuzika Taita tukarudi Changamwe, mimi nikahamia kwa Mama ili asikae peke yake. Meja alikuwa mzima. Alitupokea langoni, akamnusa kila aliyeshuka kwenye gari, kisha akarudi tena kunusa viti vya nyuma. Hilo sitalieleza zaidi.

Siku chache baadaye akaanza kutapika. Kwanza chakula, halafu povu la njano. Kisha tumbo likamwendesha, akawa anaona haya, anajificha nyuma ya tangi la maji kama mtu mzima aliyejichafua. Nikampa maji ya chumvi na sukari. Akapona. Nikashukuru Mungu. Wiki iliyofuata akaanza upya.

Bi Zuhura wa nyumba ya pili, unamjua, hamgusi mbwa kwa sababu ya udhu wake, lakini kila asubuhi alikuwa akiuliza kupitia ukutani, "Mgonjwa wenu kaamkaje?" Nikimwambia bado, anasema, "Masikini. Mnyama naye hufiwa, mwanangu. Wallahi, ana majonzi huyo." Nikaamini. Nilikuwa na majonzi yangu, ikawa rahisi kuamini ya kwake.

Lakini majonzi hayatoi damu kwenye choo, Baba. Nilipoiona damu nilimfunga kwa khanga kuukuu nikatoka naye barabarani. Tuktuk tatu zilinikataa. Ya nne, dereva alikuwa mzee wa Kisauni mwenye kofia ya viua. Akatutazama, akashuka, akatandika gunia kiti cha nyuma. "Mpakate vizuri asiniguse nguo, nina swala ya adhuhuri," akasema. Njia nzima hadi Nyali alikuwa akipunguza mwendo kila penye tuta, akigeuka kumwangalia.

Daktari wa mifugo ni kijana mpole kutoka bara. Alimpima damu, akapima kinyesi, akampiga picha ya tumbo. Minyoo hakuna. Kupe hawajamletea homa. Hajameza mfupa wala plastiki. Alimtundikia dripu, akampa dawa, akaniuliza, "Anakula nini?" Nikamwambia ukweli niliokuwa naujua: wali na dagaa wa kuchemsha, nawapika mwenyewe jioni nikitoka kufundisha. "Hakuna kingine?" Hakuna kingine.

Hapo ndipo nilipokosa raha kabisa. Nilianza kumshuku kila mtu. Nilidhani kuna anayerusha sumu juu ya ukuta. Nikazunguka uani nikiokota kila karatasi na kuinusa. Nikabadilisha maji ya tangi. Nikamgombeza mama wa watu anayeuza viazi karai pale kwenye kona, nikimwambia asimtupie mbwa wangu makombo, naye akanitazama tu kwa huruma. Darasani nikiandika ubaoni nilikuwa nasahau nilichokuwa naandika. Meja mbavu zake zikawa zinahesabika. Daktari akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mnyama akifika mahali fulani, kuna sindano ya kumpumzisha, na si dhambi. Nikamwambia Mama. Aliingia chumbani kwenu akafunga mlango.

Kisha shule ikafungwa mapema siku moja kwa sababu ya mvua, nikarudi nyumbani mchana. Nilipitia mlango wa nyuma. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi, pale pako. Mbele yake Meja alikuwa anakula kwenye sahani yako, ile ya bati yenye maua. Wali wa nazi. Mchuzi wa papa uliojaa vitunguu na pilipili. Kipande kizima cha samaki wa kukaanga, mafuta yakimetameta. Na Mama, aliyeapa hatamgusa, mkono wake ulikuwa mgongoni kwake, anamwambia taratibu, "Kula, baba. Kula upate nguvu."

Aliponiona hakushtuka. "Siwezi kupika kidogo," akasema. "Mkono wangu haujui. Nikipakua, napakua na cha baba yako. Sasa nikimwage?"

Niliogopa nitakachosema. Nilitoka na nguo zangu zilizolowa, nikatembea barabara ya Airport mpaka karibu na uwanja, nikageuka, nikarudi, nikatembea tena. Hasira yangu ilikuwa haina pa kutua. Nimkasirikie nani? Mwanamke anayempakulia mumewe?

Kesho yake nilimpigia daktari simu, Mama amekaa karibu nami. Akasema mafuta mengi na nazi humchoma mbwa tumbo na kongosho, na kitunguu ni sumu kwake. "Yaweza kuwa ndiyo sababu," akasema, "na yaweza kuwa si yote. Mwacheni ale laini tuone." Nikakata simu.

Mama akaniuliza, "Kwa hiyo ni mimi?"

"Hukujua, Mama."

"Huyu naye nimemlisha mpaka..." Hakumaliza.

Baba, nilielewa palepale alikokuwa anakwenda. Ile sukari yako. Ile presha. Daktari aliyekukataza nazi na chumvi, na wewe ukirudi nyumbani ukifunua sufuria kabla ya kuvua viatu, ukisema mchuzi usio na nazi ni maji ya kunawia mikono. Kumbe amekuwa akikaa na hilo tangu tulipokuzika, anapika nalo, anapakua nalo.

"Mama," nikamwambia, "Baba alikuwa na mdomo wake. Aliambiwa, akasikia, akajiamulia."

Akamtazama Meja aliyekuwa amelala mlangoni. "Huyu hakuambiwa na mtu," akasema. "Huyu alikula alichopewa."

Niliinuka nikamjazia Meja bakuli lake la maji.

Tangu hapo anamchemshia yeye mwenyewe wali laini na kuku asiye na ngozi, haweki hata chembe ya chumvi, na huonja kabla ya kumpa. Wiki iliyopita nikiwa shuleni alimpeleka Nyali kupimwa, peke yake, bila kuniambia. Alinipigia simu kutoka huko akipiga kelele kana kwamba niko ng'ambo: "Ameongezeka! Amepanda kwenye mizani, ameongezeka!" Nilitoka darasani nikalia nyuma ya vyoo.

Lakini jana alitapika tena, kidogo tu, na daktari hajui kwa nini. Mama ameosha sakafu, ameniuliza kwa macho, nami ndiyo maana nimesimama hapa siwezi kukaa. Meja anaweza kupona, anaweza asipone. Hilo nitalibeba. Ila lile lako, Mama alinirudia nalo asubuhi hii, safari hii kwa maneno yake yote: "Je, mimi ndiye niliyemuua baba yako?"

Nimemwambia hapana. Sikungoja, sikufikiri, nimemshika mikono yote miwili nikasema hapana. Nimesema kwa niaba yako, Baba. Nimeona ni haki ulijue.

Lala pema huko kwenu milimani. Sisi tuko, tunahangaika, tunapendana.

Ni mimi bintiyo,
kifungua mimba wako.