Mashine Inayotia Sahihi Yako

Da Mwanaisha,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini kuanza bila shikamoo naona ni kukosa adabu, na kwa adabu wewe ulikuwa mkali.

Hitima yako ilisomwa Msambweni, watu walijaa. Mimi nimerudi hotelini Diani, kwenye kiofisi chetu cha nyuma ya mapokezi. Nimekalia kiti chako. Bado kinayumba.

Ile programu uliyoipanga kwenye kompyuta haijui kwamba umekufa. Mgeni akishaondoka, inamtolea barua ya shukrani. Mwaka ukikaribia kwisha, inamwandikia arudi. Zote zinatoka na sahihi yako. Wageni wanajibu, wanakuuliza hali, nami nawajibu kwa jina lako kwamba hujambo. Hujambo! Nilimwomba meneja tulitoe jina. Akasema, "Wageni wanalijua hilo. Liache." Nikaamua kuacha kazi. Siwezi kuwa mimi na wewe kwa pamoja.

Juzi akaja mama yako na bahasha mkononi. Kumbe siku ile ulipokuwa ukiijaribu mashine uliingiza jina lake kati ya wageni, tukacheka, ukasahau kulitoa. Akaketi, akavua viatu. "Hebu nisomee, mwanangu kaandika nini." Nikamfasiria Kiingereza chako: tunakushukuru, tunakukumbuka, tunakungoja urudi. Sikufika mwisho bila kulia. Yeye hakulia. Alisikiliza, kisha akanuna. "Mbona hajaniuliza miguu?"

Alipofika mlangoni akageuka: "Mashine yenu hiyo msiizime."

Basi nimekwama, dada. Kuondoka siwezi, na humu ndani nakosa pumzi. Nina hasira nawe pia, nisikufiche. Ulinifundisha kubadilisha maneno ya barua, lakini kumtenga mtu mmoja aandikiwe yake ukasema, "Hilo kesho." Kesho yenyewe ukalazwa. Nimejaribu kila kitufe. Mashine inawaandikia wote au haimwandikii mtu.

Kwa hiyo leo nimeongeza mstari: "Na miguu yako inaendeleaje?" Utawafikia wote, mpaka wale Wajerumani wako. Meneja akifoka, na afoke. Wakijibu kwamba inawauma, nitawapa pole kwa jina lako.

Lala pema, Da Mwanaisha. Nakuahidi, kila barua ya mama ikitoka sitaitia posta. Nitampelekea mwenyewe Msambweni, nimsomee, na hapo kwenye miguu nitasoma polepole.

Mdogo wako,
Rehema