Mzigo wangu wa kwanza wa mlimani

Jumatano, mwezi wa nane 1996

Na hema lilikuwa begani tayari! Miezi mitatu nasubiri kazi pale geti la mlima, leo kiongozi wa msafara wa wazungu akanichagua.

Wapagazi wenyeji wakanizunguka. "We wa ukoo gani huku mlimani?"

"Ukoo wa njaa, tawi la Singida."

Wakacheka, nami nikacheka. Halafu fimbo ikanipata mdomoni. Nikamng'ata mmoja sikio, sikuachia mpaka damu ikanijaa mdomoni. Wakanikanyaga bega la kulia mpaka likalia ko!

Kiongozi akasema, "Pole bwana, hawa ndio wenye mlima." Hema akampa huyohuyo wa sikio.

Kesho narudi, bega la kushoto lipo. Nimetia na kisu mfukoni. Kusema kweli, hicho kisu nakiogopa kuliko wao.