Mbegu ya Mama

Jumatatu, 3 Machi
Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo. Baridi, chai, kompyuta. Makala yangu ya utafiti wa maharage imekubaliwa na jarida. Siku mbili tu tangu niitume! Jarida lenyewe lilinitafuta kwa barua pepe, likanisifia, nami nikavimba kichwa. Barua imesainiwa na mhariri mkuu: Dokta Aloyce, mwalimu wangu.

Dokta Aloyce tulimzika Kihesa mwaka juzi. Udongo nilitupa mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Picha yake ipo kwenye tovuti ya jarida. Niliipiga mimi, shambani. Kivuli changu kimelala miguuni pake. Sijawahi kumpa mtu picha hiyo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudia madaftari ya majaribio ya shambani. Mungu wangu. Kwangu M ni mbegu mpya, K ya kienyeji. Akina mama wa Kilolo waliopanda na kuyajaza waliandika M kwa mbegu ya mama, ile waliyorithi, na K kwa ya kituo. Kwenye makala nimegeuza kila kitu. Iliyostahimili ugonjwa wa kutu ni ya mama. Mpya ilikauka. Mwalimu angeliona hili kabla chai haijapoa.

Nimewaandikia watu wa jarida: iondoeni makala.

Jumapili, 9 Machi
Amejibu, kwa jina la Dokta Aloyce. Kwa Kiingereza: matokeo ni bora sana, makala inabaki. Mwishoni maneno mawili ya Kiswahili. Binti yangu. Ndivyo alivyoniita akiwa hai.

Kanisani sikusikia mahubiri. Naogopa, na naona aibu kuogopa.

Jumatano, 12 Machi
Bwana shamba wa Kilolo kapiga simu kushukuru. Kaisoma makala, kaichapa, kaigawa.

"Dokta, akina mama tumewaambia ile ya zamani waile tu. Wapande mpya."

Nikasema nimekosea, awazuie leo leo. Akacheka.

"Mbona Dokta Aloyce kaipitisha?"

Nikamwambia amekufa. Akauliza taratibu: "Lakini jina lake si hili hapa?"

Jumamosi, 15 Machi
Kilolo, kwa Mama Tuli, mmoja wa waliojaza daftari. Nilisema yote. Kosa ni langu, mbegu yenu ndiyo iliyoshinda, msiile. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

Kisha akanionyesha debe la mbegu. Tupu. Kwa majirani pia, alisema, walishapika.

Akanipakulia sahani ya maharage. "Ndiyo ya mwisho hii, mwanangu. Karibu."

Nikala. Akaniuliza kama yameiva.