Karatasi Nilizoambiwa Nichome

Jumanne, 8 Oktoba
Tofali mia mbili leo. Mgongo! Ukuta wa ofisi umebaki nusu.
Jioni Eliaichi kanipa karatasi za kuchoma. Ndiye fundi wa kompyuta hapa Same, anatengeneza programu ya zamu za maji kwa wakulima wa Suji. Sijachoma. Nyuma ni nyeupe, ndiko ninakoandika. Mbele ya hii kuna mstari mmoja tu, herufi na namba — si neno. Ni nini?
Kasema ukuta ukiisha nitakuwa mlinzi, kwa kuwa nina kidato cha nne. Niliwadanganya. Niliishia darasa la tano, Kasulu.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimemuuliza Eliaichi: dada, nasikia mnasema mnahama, mbona meza hazitoki? Kacheka. Eti wanahamisha stoo iliyo mtandaoni. Kompyuta ikishaunda kipande cha programu inakiweka humo, isikiunde tena kesho. Kama ndiva, lile bwawa la mlimani — maji yamejaa usiku, asubuhi unafungulia tu. Stoo ya zamani inafungwa. Mpya ina ufunguo wake: herufi na namba arobaini. Arobaini!
Nikauliza, wa zamani haufungui mpya? Hapana, kila stoo na wake. Akanitazama. Kaka, wewe ungefika chuo.
Nimefurahi mpaka usingizi umegoma.

Ijumaa, 11 Oktoba
Balaa. Stoo mpya imekataa. Eliaichi alibaki na karatasi ya ufunguo wa zamani — mpya alinipa mimi nichome! Nao huonyeshwa mara moja tu. Wa kutoa mwingine ni bosi Wilbard, yuko Gonja anamuuguza mama yake, simu imezimwa. Bila stoo kompyuta inaanza upya, masaa manane, na umeme wetu haufikishi matatu. Kesho alfajiri zamu zisipofika kwenye simu za wakulima, mzee Anold wa kamati ya maji anarudia daftari lake. Programu basi.
Kaka, ulizichoma zote? Nikasema ile yenye mstari mmoja imebaki. Kanikumbatia mbele ya mafundi!
Nikamnakilia. Imekataa. Nikanakili tena, kidole kikifuata kila herufi, sifuri na O zikinichanganya. Imekataa. Kasema usihangaike kaka, lete hiyo yenyewe.
Ni ile ya Jumanne, nyuma yake nimeandika darasa la tano.
Nimejifungia kwenye stoo ya saruji. Nikifuta maneno yangu kwa kalamu, wino unapenya mbele. Anagonga mlango. Bado anacheka — kaka, umelala humo?