Meza ya Usiku wa Tano

Melini, pwani ya Norwe
Mwezi wa sita

Baba Cherono,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenipotea kwa sababu nitakayokueleza. Gogo, nyanya yake Cherono, anaendeleaje na magoti, hasa sasa baridi imeanza? Na yule ng'ombe mweusi ameshazaa, ama bado unaenda kumchungulia kila asubuhi? Uliniambia mvua ya mawe ilipiga majani ya chai upande wa chini, karibu na mto. Nimeyafikiria sana hayo majani yaliyotoboka. Nijulishe kama yameanza kuchipuka tena.

Utashangaa kupata barua. Simu ni ya kuuliza kama mtoto amekula. Haya ninayotaka kukuambia yangekatika katikati, nawe ungesema "haloo, haloo" mpaka nisahau nilikofikia. Barua nitaiposti tukifika bandari ya kesho, ije kwa sanduku la posta la kanisa pale Litein.

Unajua kazi yangu huku Uingereza ni kuwatunza wazee wawili, Mzee Walter na mkewe Mama Edith. Mzee alikuwa fundi wa piano. Mama Edith, usicheke, alikuwa dereva wa basi la mjini. Wamekaa kwenye ndoa miaka hamsini, na watoto wao wakawapa zawadi ya safari hii ya meli, siku nane, na mimi nikaja kama mtunzaji. Chumba changu kiko kando ya chao, kuna mlango katikati.

Mama Edith amepotewa na kumbukumbu. Kuna saa anajua kila kitu, na kuna saa hajui hata jina la mumewe. Jioni ndiyo mbaya zaidi. Mwanga ukipungua anaanza kutafuta koti ili aende kwao, na kwao ni pale pale alipo.

Sasa, kwenye hii meli watu wote hula kwenye ukumbi mkubwa, lakini juu kabisa kuna mkahawa mdogo wa kioo, meza kumi na mbili tu. Ukitaka kula huko unaandikisha jina na usiku wako. Katika tiketi ya wazee kulikuwa na usiku mmoja huko, watu wawili. Siku ya kwanza msichana wa kuandikisha alituuliza, "Mngependa usiku gani?"

Mzee akamwangalia mkewe, aliyekuwa akitazama ndege wa baharini kama mtu anayehesabu kuku wake.

"Tutaona," akasema.

Siku ya pili ilikuwa ya watu kuvaa suti. Mzee akaniomba nimpigie shati pasi. Kufika alasiri Mama Edith akaanza kuhangaika na vifungo vya blauzi, na Mzee akalirudisha shati kabatini. Siku ya tatu mawimbi yalitusukasuka, akasema kesho. Na kila asubuhi anamuuliza, "Edith, leo ni siku gani? Tuko wapi?" Mama Edith ananuna, halafu anakataa chai.

"Mzee," nikamwambia, "usimpe mtihani. Si mtoto wa shule."

Akakaa kitandani, akaangalia mikono yake. Kisha akasema polepole, "Nataka usiku mmoja tu. Usiku ambao atajua ni mimi niliyeketi mbele yake. Chagua wewe. Siku hizi unamjua kuliko mimi."

Baba Cherono, maneno hayo yaliniuma. Si jambo rahisi mtu kumwambia mgeni aliyemwajiri.

Nikapanda juu kuuliza. Usiku uliobaki na nafasi ulikuwa wa tano na wa mwisho. Wa mwisho nikaukataa, kwa sababu masanduku yatakuwa yamepangwa mlangoni, na Mama Edith akiona sanduku hudhani anahamishwa. Wa tano niliuchukua kwa sababu nyingine. Ni hii nuru ya huku.

Sijui kama nitaweza kukueleza. Kadiri tunavyoenda kaskazini jua linasahau kutua. Linashuka hadi karibu na maji, linakaa hapo likiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa asali, halafu linaanza kupanda tena. Meli inapita katikati ya milima, taratibu, bila sauti, na maji yametulia hata unaona mlima mwingine chini umeinamisha kichwa. Asubuhi ukungu huteremka. Mara ya kwanza nilipouona nilisimama kwa dirisha nikasahau nilikuja kufanya nini, maana ulikuwa ule ule wa saa kumi na mbili kule kwetu, unapoona vichwa vya wachumaji tu vinaelea juu ya chai. Nilikuwa kama nitasikia mtu akikohoa akiniita jina. Tangu hapo natembea kwenye hizi korido nikiwa nusu niko macho, nusu niko huko.

Nikaona pia kwamba jioni ya tatu na ya nne Mama Edith hakutafuta koti. Mwanga haukuondoka, na yeye pia hakuondoka. Saa mbili usiku alikuwa ameketi akipangusa miwani yake, ametulia. Nikasema moyoni, basi, ni usiku wa tano.

Na asubuhi ya siku hiyo alipoamka alimwita Mzee kwa jina lao la ndani, Wally. Akamwambia nywele zake zimekuwa kama za mwizi. Mzee alikimbia kwa kinyozi kama kijana! Meza yetu ilikuwa ya saa kumi na mbili unusu. Saa tisa Mama Edith akalala kidogo. Nikamwacha alale.

Alipoamka hakuna kilichobaki. Nilimvisha gauni la bluu, akakubali. Kisha Mzee akaingia na suti yake na ua dogo mfukoni, na Mama Edith akajifunika kifua kwa mikono.

"Mwambie huyo bwana atoke," akaniambia. "Navaa."

Nilimkuta Mzee kwenye korido amegeukia ukuta.

"Nenda uwaambie wawape watu wengine hiyo meza," akasema.

Nilisimama hapo. Ningeweza kwenda. Ilikuwa rahisi, na hakuna mtu angenilaumu. Lakini mimi ndiye niliyechagua, na nikaona aibu kwamba nilichagua vibaya, halafu aibu ikageuka ikawa kitu kingine, kama ukaidi. Ule ukaidi wa mama yangu unaousemaga.

"Mzee, ameshavaa. Ana njaa, na wewe una njaa. Ningoje hapa."

Nikarudi ndani. Nikamwambia Mama Edith, "Kuna bwana hapo nje anaomba mle pamoja."

"Ni mtu wa heshima?"

"Wa heshima sana."

"Na wewe utakuja?"

"Nitakuja."

Hivyo ndivyo tulivyopanda juu watu watatu kwa meza ya wawili. Mhudumu mmoja, Mhindi mwenye mvi, alituangalia mara moja tu, akaleta kiti cha tatu na bakuli la supu bila kuuliza neno. Mungu ambariki. Kiti changu nikakigeuza kuelekea kioo ili nisiwe katikati yao. Huko nje nuru ya jua ilikuwa imetanda juu ya maji, na kila kitu mezani, visu, glasi, hata mikono yao yenye madoadoa, kilikuwa na rangi ya dhahabu.

Mama Edith alikunywa supu, akaweka kijiko chini. "Nikuambie mapema," akamwambia Mzee, "mimi nimeolewa."

Nyumbani Mzee angesema, "Ni mimi, Edith, angalia, ni mimi!" na mkewe angelia mpaka alale. Mzee akanitupia macho. Nikatikisa kichwa kidogo tu.

"Najua," akasema. "Mume wako ni mtu gani?"

Basi, Mama Edith akaanza. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo, maneno yamenyooka, bila kutafuta. Alisema zamani alikuwa na njia moja ya basi, kutoka stesheni hadi nje ya mji, na kila Ijumaa kijana mmoja mwenye mfuko wa vyuma vya piano alipanda akaketi nyuma yake hadi mwisho wa njia.

"Alikuwa akiniambia ana kazi huko," akasema. "Mwisho wa njia hakuna nyumba hata moja. Ni malisho. Alikuwa akienda kurekebisha piano ya ng'ombe?"

Mzee alifunika mdomo kwa kitambaa.

"Nyumba yao ilikuwa kituo cha tatu. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Alikuwa akishuka kule malishoni kwenye mvua, anajifanya anatembea haraka, na mimi namwona kwenye kioo akirudi mjini kwa miguu."

"Na hajui kwamba ulijua?"

"Hajui. Ningemwambia angeaibika. Angeanza kushuka kituo cha tatu."

Mzee alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. Mimi nilikuwa naangalia nje lakini sioni kitu. Nilimkumbuka mwanamume mmoja aliyekuwa akileta majani yake kwa mafungu matatu kila siku, mbio juu mbio chini, wakati karani wa mizani pale bandani alikuwa binti fulani wa Mjaluo wa kiwandani. Wengine wote walileta mara moja. Nilijua pia, Baba Cherono. Sikukuambia.

Samaki akaja. Walikula. Kisha Mzee akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Huyo mume wako, ana kosa lolote?"

Mama Edith alifikiri. Jua lilikuwa usoni mwake, naye hakulikwepa.

"Hungoja siku nzuri," akasema. "Tulipanga kwenda baharini tukiwa vijana. Akasema paa litengenezwe kwanza. Kisha watoto wakue. Kisha tustaafu. Akiona wingu moja anarudisha koti. Ni mtu mzuri, lakini hungoja sana. Mimi ningeenda hata na mvua."

Mzee aliisukuma sahani yake ya kitindamlo mbele ya mkewe, naye akakila chote, chake na cha Mzee. Tulipoinuka sakafu iliyumba kidogo, na Mama Edith akamshika mkono.

"Umekuwa na adabu," akamwambia. "Nitamwambia mume wangu."

"Mwambie," Mzee akasema. "Tafadhali mwambie."

Baadaye, Mama Edith akiwa amelala, Mzee aliketi na ua lake bado mfukoni. "Miaka hamsini," akaniambia. "Miaka hamsini nikidhani nimemdanganya." Kisha akaniambia asante. Sikujua ananishukuru kwa nini hasa, kwa kuchagua ama kwa kukosea. Asubuhi alipoamka mkewe alimwita Wally na kumuuliza kwa nini macho yamevimba.

Sasa nikuambie kilichonifanya nitafute karatasi na kalamu.

Jumapili mbili zilizopita nilipopiga simu, ulisema Cherono amelala. Nilimsikia. Alikuwa nyuma yako, akasema, "Sitaki kuongea na huyo mtu wa simu." Nasi tukaongea habari za ng'ombe. Sikulaumu. Ulikuwa unanikinga. Lakini nilikata simu nikakaa kwenye ngazi za wenyewe, hata viatu sikuvua.

Na mimi nimekuwa nikingoja siku nzuri. Nilisema narudi nyumba tunayojenga ikiisha. Kisha nikasema baada ya mkataba mwingine, ili nije na sanduku limejaa, Cherono akimbie getini. Karatasi ya kuongeza miaka miwili iko kwa mkoba wangu tangu mwezi wa nne. Wewe ulisema tumalize kazi tuliyoianza, na mimi nikakubali, kwa hiyo hili si kosa lako peke yako. Nitairudisha bila sahihi. Mkataba huu unaisha mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi nitashuka Kericho stendi, na mvua ikiwa inanyesha, mje na mwavuli. Tutakaa kwenye nyumba ya zamani ya mabati. Ukikasirika, kasirika, uniandikie yote. Lakini nimeshachagua.

Nisalimie Gogo, umwambie yale mafuta ya magoti nimeyapata. Nisalimie wifi yangu anayemsuka Cherono. Najua ni yeye anayelala naye kukiwa na radi, na sina wivu, nina shukrani. Baba yangu kule Silibwet umfikishie barua hii umsomee, ila sehemu ya mafungu matatu uiruke. Nisalimie na jirani yetu anayekusaidia kuchuma.

Na Cherono. Tafadhali usimfundishe cha kusema. Usimsukume akanikumbatie mbele ya watu, na watu wasimwambie, "Huyu ndiye mama yako, kwani humjui?" Akijificha nyuma ya wifi, mwache hapo. Mimi nitavuta kigoda, niketi karibu naye lakini si karibu sana, nimuulize mama yake ni mtu gani. Atakachosema, nitamsikiliza mpaka amalize.

Ni mimi wako, anayekuja,

Atieno, Mama Cherono