Shina Lililozibwa

Kashiwa, 12 Novemba

Baba mpendwa,

Huku baridi imeshaingia; najua na huko upepo wa bahari umekufuata hadi karakanani. Kifua hakijambo? Mimi mzima, ila nimechoka hadi macho.

Majibu ya lile tawi la marijani ulilonitumia yametoka. Kipimo cha urani kimeniambia liliishi lini: zama za barafu. Kile cha kaboni kimeniambia maji yaliyolilisha kule kilindini yalikuwa yameuaga uso wa bahari kwa muda gani. Baba, ni muda mfupi mno! Kama ni kweli, bahari ya kale ilizunguka mbio kuliko tunavyoamini sote. Profesa Nonogaki amenisimamisha kwenye ngazi: "Kozue, shahada ndiyo hii, na juu yake kazi hapa chuoni." Atayatangaza mwezi Machi.

Kwa ajili ya tasnifu, niandikie tu tawi lilipatikanaje na liliguswa na nini.

Mwanao,
Kozue

Sukumo, 19 Novemba

Kozue, mama,

Kifua kinakoroma kama injini ya mashua ya Tokuji, lakini kinakwenda. Wewe unakula, au ni kahawa tu?

Tawi lilinaswa na wavu wa huyo huyo Tokuji, kusini ya rasi, kilindini hasa. Lilikufa zamani, shina limetobolewa na minyoo hata aibu. Tokuji akasema, "Mpelekee hivyo hivyo, wasomi watajua nini?" Nikamwambia, "Wewe huna binti." Basi shina lote nikaliziba, tundu kwa tundu, kwa unga wa marijani mabichi na gundi kidogo, nikasugua mpaka kiungo kikapotea. Ncha zilikuwa nzima, sikuzigusa. Nani atasema mtoto wa fundi wa marijani wa hapa Tosa kapeleka takataka?

Baba yako

Sukumo, 8 Januari

Kozue,

Mwaka mpya umeingia, hukuja, hukuandika. Mochi za mchele wa kunata nimekula peke yangu, nusura zinikabe, nawe urithi karakana. Shangazi yako Fusae anasema umepata mchumba. Mimi nasema umekasirika. Lipi kweli?

Baba yako

Kashiwa, 3 Februari

Baba,

Samahani kwa kimya. Uzima upo, nguvu ndizo chache.

Urani niliipima kwenye ncha. Kaboni niliitoa shinani. Unga wako ulikuwa wa marijani yaliyokuwa hai juzi tu; ukachanganyika na ya kale, ukayafanya maji yale yaonekane yametoka juu majuzi. Hapakuwa na bahari iliyokwenda mbio. Ilikuwa mikono yako.

Ningeweza kunyamaza. Na kweli nilinyamaza, nikila na kulala na uongo ule, kwa kuwa hata hadubini haikuona kiungo. Mwishowe nilimwambia Profesa. Akalitazama shina upya.

"Nani kafanya kazi hii?"

"Baba yangu."

"Hukumwambia kwamba sisi tunalitaka tawi na uchafu wake?"

"Sikuwahi kumweleza ninachofanya huku."

Tasnifu imerudi nyuma mwaka mzima. Kazi kapewa mwingine. Sikulaumu, Baba, na hilo ndilo linalonichosha zaidi: sina wa kumlaumu. Tafadhali usipande treni na boksi la keki kuja kumwinamia Profesa na kumwomba radhi. Nakujua.

Mwanao,
Kozue

Sukumo, 20 Februari

Kozue, mama,

Boksi nilikuwa nimeshanunua. Nimempa Fusae.

Nimekusoma, nikafunga karakana mchana. Tangu ujana wangu nasifiwa kwa kiungo kisichoonekana. Sikujua kuna watu wanaokitafuta.

Tokuji kapata tawi jingine, kilindi kile kile. Limekufa, lina matope, limeliwa na minyoo pande zote. Baya kabisa. Alipotaka kulisuuza nilimfokea hadi majirani wakatoka nje. Sasa liko mezani kwangu. Sijaligusa hata kwa kitambaa. Lakini kila asubuhi nikikaa kazini linanikodolea matundu yake, na mikono hii haijazoea kutulia.

Njoo ulichukue mwenyewe. Njoo upesi.

Baba yako